Ndoo Iliyoandikwa Safi

Jumatatu, 5 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama, hata Mungu, maana nikisali nikifika hapo huwa naparuka. Mkono wako nimeuvunja mimi.

Najua aliyeshika nguzo ya tanuri, ile fimbo nzito ya kuinulia rafu motoni, ni baba. Nilikuwepo. Nilisimama karibu na karo nimekumbatia ndoo tupu, na nilikuwa nahesabu. Alikubana kifundo cha mkono juu ya meza ya kukandia udongo akapiga mara tatu. Mara mbili za kwanza zilitoa mlio wa mfupa. Ya tatu ilitoa mlio wa udongo mbichi, na mlio huo ninausikia kila ninapokanda. Alikuwa anasema, "Huu ndio mkono wa dharau? Huu?" Na wewe ulikuwa unaniangalia mimi, si yeye. Nilidhani unaomba nikusaidie. Nikaangalia miguu yangu.

Sasa sikiliza. Zile sahani themanini za mgahawa ulizichora wiki tatu, ndege themanini na hakuna wawili waliofanana, kwa ile rangi nyekundu ya chini ambayo kabla ya moto inafanana na vumbi la tofali. Kilichobaki kilikuwa kuzichovya. Ulikwenda kuchukua kuni, baba akaniambia, "Wewe mkalimani, chovya." Unajua yale majimaji ya kung'arishia vyombo tunayaita yote maziwa, kwa sababu yakiwa ndooni hakuna tofauti, yote meupe, yote mazito. Lakini maziwa ya kioo yakiingia motoni yanayeyuka na kuwa kama dirisha, mchoro wa chini unaonekana. Maziwa ya ukuta yanabaki meupe, na kilicho chini yake kimezikwa. Baba anayajua kwa kuyaonja na ncha ya ulimi. Wewe unayajua kwa mazoea. Mimi nayajua kwa kusoma mifuko, kwa sababu mifuko imeandikwa kwa lugha ya shule, na nyumba nzima anayeisoma ni mimi.

Siku ile mifuko ilikuwa imetupwa. Zilibaki ndoo mbili, na moja ulikuwa umeiandika kwa chaki: SAFI.

Nilitafsiri, kaka. Nilikumbuka neno lililo kwenye mfuko wa maziwa ya kioo, nikasema kwa Kiswahili hili ni "safi", kama maji safi, unaona hadi chini. Nilijisikia mjanja kweli. Kumbe wewe ulikuwa umeyachuja tu maziwa ya ukuta, ukaandika safi kama mtu anavyosema sufuria ni safi.

Nilichovya zote themanini, mara mbili mbili ili yashike vizuri. Tanuri lilipofunguliwa hakukuwa na ndege hata mmoja. Sahani zilikuwa kama macho yasiyo na mboni. Baba akasema umefanya makusudi kwa sababu jana yake ulimwambia unataka kuondoka. Nilikuwa na neno moja la kusema, "mimi". Lina silabi mbili tu. Halikutoka.

Ukitaka usinijibu.

Mdogo wako,
Nukta


Jumamosi, 10 Mei

Nukta,

Marahaba. Nilijua.

Nani mwingine angechovya sahani themanini bila kudondosha tone sakafuni? Mimi nikichovya sahani kumi tu, maziwa yananifika hadi kwenye nyusi. Nilipoziona zile sahani, kabla baba hajafungua mdomo, nilijua ni kazi yako na nilijua ni lile neno langu la chaki. Tulikosea wote wawili. Mimi niliandika kama mvivu, wewe ukasoma kama mwanafunzi bora.

Na sikukuangalia ili unisaidie, mjinga wewe. Nilikuwa nakuambia kwa macho: nyamaza. Na kwa kunyamaza huna mpinzani tangu uzaliwe. Nilishukuru siku ile. Mkono wako ni mdogo kuliko wangu, ungesagika.

Mimi mzima. Mkono umepona. Nachora mabango ya maduka. Juzi nimemchorea mwenye bucha ng'ombe, akasema anafanana na mama mkwe wake, akanipa nyama ya ziada nisimbadilishe. Kwa hiyo acha kulia kwenye karatasi, wino ulikuwa umetawanyika ukurasa mzima.

Halafu, ukimpa dereva wa udongo barua usitetemeke. Ameniambia ulimkabidhi kama mtu anayeuza bangi. Anapita kwenu kila Jumanne na Ijumaa, mpe tu kama unampa risiti.

Swali moja, na unijibu bila kuzunguka: anampiga mama?

Kaka yako


Alhamisi, 15 Mei

Kaka,

Mama anasema ameanguka bafuni. Amemwambia hivyo jirani, amemwambia hivyo daktari, mimi pia ameniambia hivyo, ingawa nilikuwa nimesimama pale pale.

Ilikuwa wakati wa kula. Mama aliuliza, taratibu tu, kama anauliza chumvi, "Hivi mwanangu huko aliko anakula nini?" Baba alikuwa ameshika ubao wa kukaushia vyungu. Hakuuweka chini kwanza. Aliuzungusha ukampata mama hapa, juu ya jicho la kushoto, mama akaangukia rafu. Vyungu kumi na viwili vibichi vikavunjikia chini yake. Halafu akampiga kwa ajili ya vyungu. Alikuwa anavitaja kimoja kimoja, kaka. "Hiki cha maua. Hiki cha maji." Mama hakulia hadi alipofika cha saba.

Jioni akanikalisha kitandani, akaniambia nimletee kioo. Akajitazama muda mrefu. "Nimeanguka," akasema. "Sawa?" Nikasema sawa. Unaona, sina mpinzani.

Baada ya hapo baba alikaa kwenye gurudumu akipiga mluzi, akafinyanga bakuli lenye ukingo mwembamba kama ukucha wa mtoto. Mikono yake kwenye udongo ni laini sana. Hicho ndicho kinachonitisha.

Sasa na mimi nikuulize bila kuzunguka. Barua yako imeandikwa na nani? Hizo si herufi zako. Zimelala kama majani yaliyopigwa na upepo, na kila mstari umechafuliwa kwa kiganja. Nilipomuuliza dereva mkono wako ukoje alisema, "Anakusalimia," halafu akaanza kukagua tairi ambalo halina shida.

Kuna jingine, utacheka au utatukana. Kuna bwana anafungua hoteli. Alikuja kutafuta vyungu vya maua, akaona tumefunika ndoo kwa zile sahani zako zilizozikwa. Akaifuta moja kwa shati. "Nyeupe tupu! Hiki ndicho ninachokitafuta." Baba akamjibu, bila hata kukohoa, "Ni ubunifu wangu." Anataka sitini. Atakuja mwenyewe siku ya kufungua tanuri, na wageni wake, waone zinavyotoka.

Kile kilichokuvunja mkono sasa ni ubunifu.

Nukta


Jumanne, 20 Mei

Nukta,

Haya. Bila kuzunguka.

Mkono haukupona. Uliunganika vibaya. Vidole viwili havikunji, kidole gumba hakina nguvu ya kushika hata kijiko. Ninaandika kwa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala. Hakuna mabango, na ng'ombe wa bucha nilimtunga. Niko machimboni. Huo udongo mweupe anaowaletea dereva ninauchimba mimi. Kila unapokanda, mimi nimeshaushika kabla yako. Sikutaka ujue kwa sababu ungeacha kukanda, na ungeacha kukanda ungepigwa.

Nilipoandika kwamba nilishukuru, sikudanganya. Nilidhani nikiubeba mimi, amemaliza. Nilidhani hasira ya mtu ni kama kuni, zikiisha zimeisha. Sasa unaniambia anahesabu vyungu juu ya mgongo wa mama.

Nina sururu hapa. Mpini wake nimeuzoea kwa kushoto. Kila siku naipiga kwenye mwamba na kila ninapoipiga mwamba una uso. Mwanzo nilikuwa naona aibu. Sasa sioni.

Niambie siku ya kufungua tanuri. Nataka awe ameinama ndani anatoa sahani, kama anavyoinamaga, kichwa na mabega vyote ndani. Nataka asinione. Wewe kazi yako ni moja tu, umtoe mama uani asubuhi hiyo. Mpeleke popote. Usiniandikie maneno ya huruma, nitayachana.

Kaka


Alhamisi, 29 Mei

Kaka,

Chana, lakini soma kwanza.

Usije na sururu. Si kwa sababu namwonea baba huruma. Nimejichunguza, sijaikuta. Lakini ukimpiga watakufunga, na nitakuwa nimekuvunja mikono yote miwili kwa ndoo moja. Sitaweza kuibeba hiyo. Ile ya kwanza tu imenifanya niwe mtu wa kuruka maneno kwenye sala.

Nataka nikuambie nilichofanya, maana nimefanya kitu. Nimesema, kaka. Nimesema sahani sitini.

Zilitoka moto wa kwanza Jumatatu, kavu, zinanyonya kidole. Baba alikwenda kutafuta kuni akakaa siku mbili. Nilichukua brashi yako, ile uliyoifunga uzi wa kijani, na mabaki ya rangi yako nyekundu. Sahani ya kwanza nilianza kwa lugha ya shule kwa sababu naiogopa kidogo kuliko hii yetu. Ikanikatalia. Yale mambo hayakutokea kwa lugha ile. Hakuna aliyepigwa kwa lugha ile hapa nyumbani. Nikaifuta, nikaanza upya kwa Kiswahili.

Kila sahani sentensi moja. "Baba alimvunja mwanawe mkono mara tatu juu ya meza." "Alikuwa hajaosha mikono alipokula." "Mama hakuanguka." "Vyungu vilikuwa kumi na viwili." Nimeandika hadi mambo ya zamani, ile siku alipomshikilia mama kichwa ndani ya pipa la udongo tukadhani wanataniana. Ya sitini nimeandika, "Aliyekosea ndoo ni mimi, Nukta."

Hata hivyo usiogope. Nilizichovya papo hapo, mara mbili mbili, kwenye ile ndoo yako iliyoandikwa SAFI. Hakuna aliyeigusa tangu uondoke, tumekuwa tukifinyanga vyungu vya maua na vya maji tu, visivyo na maziwa. Nimeikoroga hadi mkono ukafa ganzi. Safari hii najua ndani mna nini, mna ukuta. Yamezikwa yote. Watu watapewa chakula juu yake, watakwangua na uma, hawatajua, lakini yatakuwa yamesemwa, na kuna mahali hapa duniani yataendelea kusemwa.

Baba aliporudi alipitisha kidole gumba juu ya sahani moja katika ile milundo, zote nyeupe kama unga. Hakuonja. Aliniamini. Unajua alisemaje? "Kazi safi."

Nilitoka nje nikacheka hadi nikakaa chini. Nimelala vizuri siku mbili hizi, mara ya kwanza tangu uondoke Machi.

Tanuri litawashwa Jumapili alfajiri, litazimwa Jumatatu, litapoa Jumanne, litafunguliwa Jumatano mbele ya bwana wa hoteli. Nimekuambia siku kwa sababu uliniuliza. Usije.

Nukta


Jumatatu, 2 Juni

Nukta,

Ile ndoo si ukuta.

Soma tena. Si ukuta. Asubuhi niliyoondoka, mkono umefungwa kwa shuka, mama analia jikoni, niliingia karakana nikaona lile neno langu linanitazama. Nikasema mdogo wangu atalisoma tena siku moja, na mimi sitakuwepo kulibeba kosa. Nikayamwaga maziwa yote karoni. Nikaisuuza. Nikaijaza maziwa ya kioo kwa kopo, kwa mkono mmoja, kopo kwa kopo, hadi juu. Nilitaka neno liwe kweli ili usikosee tena. Sikukuambia kwa sababu nilijua ukisoma SAFI utaelewa kioo, kama ulivyoelewa mara ya kwanza. Sikufikiri kwamba utakuwa umejifunza.

Kila ulichoandika kitatoka chekundu kama kilemba cha jogoo.

Barua hii inakufikia Jumanne kwenye safari ya kwanza ya dereva. Mimi nitakuwa ndani ya safari ya pili. Saa kumi kamili tutakuwa nje ya geti, honi mara mbili. Wewe na mama mtoke na mlichovaa. Msifungashe kitu.

Sururu inakuja nami. Mkiwa getini itabaki chini ya kiti. Honi zikilia mara mbili na msitoke, naingia nayo. Sikutishi, nakuambia utaratibu.

Kaka


Jumanne, 3 Juni, saa tisa na nusu

Kaka,

Barua yako nimeipata saa tano, ndani ya karatasi ya risiti. Nimeisoma nimesimama. Halafu nikakaa.

Kitu cha kwanza nilichofikiri ni maji. Baba alikuwa amekwenda kunyoa kwa ajili ya kesho. Nilijaza ndoo nikaenda nayo hadi kwenye tanuri, nikatoa tofali la kuchungulia. Ndani bado kuna joto kali upande wa nyuma. Ukimwaga maji baridi mle, sahani zote sitini zinapasuka kwa mara moja, zinakuwa changarawe. Ningesema nimekosea tena. Angenivunja mkono kwa ajili ya sahani, akizihesabu, na ingeishia hapo kama ilivyoishia kwako.

Niliona sahani moja kupitia tundu. Ukingo tu. Na kulikuwa na herufi, kaka, nyekundu, zinang'aa kama zimetoka kulowa. Ilikuwa "ha". Sijui ni ya "hakuanguka" au ya "hajaosha".

Nikamwaga maji chini, miguuni kwangu.

Nikaenda kwa mama. Nikasema, "Mama, aliyechovya zile sahani za kwanza ni mimi." Ilitoka. Mama aliacha kufagia. Nilidhani atanipiga, nikafumba macho kabisa. Akauliza tu, "Na hizi za sasa?" Nikamwambia. Akataka kujua zinasemaje, nikamsomea zote kwa kichwa, kuanzia ya kwanza. Nilipofika ile ya kumi na tisa, "Mama hakuanguka", alishika jicho lake. Akasema, "Sikuanguka." Akasema tena kwa sauti ya kawaida, kama anajaribu kiatu. Halafu akaenda kuvaa viatu kweli.

Tulikuwa tumepanga kungoja saa kumi kimya kimya. Lakini baba amerudi mapema, nywele fupi, anapiga mluzi, na hawezi kusubiri kesho, anataka kuona ubunifu wake. Tumejifungia kwenye chumba cha kuhifadhia vyungu, mimi na mama. Mlango una komeo la mbao tu. Nimesikia anatoa matofali ya mlango wa tanuri moja moja, anayapanga. Zikaanza kulia zile sahani, ting, ting, zinapoguswa na hewa baridi. Nikasikia ya kwanza inatolewa.

Mluzi umekoma.

Nilitegemea kelele. Nilitegemea zivunjwe. Hakuna. Kuna sahani inatolewa, kimya, inawekwa. Nyingine inatolewa, kimya, inawekwa. Anazisoma zote, kaka. Hajawahi kusoma kitu kirefu hivi maishani mwake.

Mama amesimama mbele ya mlango. Ameshika nguzo ya tanuri. Ni ile ile, ina ile alama nyeusi upande mmoja. Sikumwona akiichukua. Nimemwambia tukimbilie getini sasa, akasema ua ni wa baba hadi lori lifike, na tukifungua sasa tutakutana naye katikati. "Wewe andika," akasema, "mlango nauangalia mimi." Kwa hiyo naandika.

Saa kumi kasoro dakika tano.

Baba amesimama. Anakuja. Anaburuta kile kiatu cha kulia. Hana haraka. Amebeba sahani, naisikia inalia kwenye vidole vyake, bado ya moto lakini hajaiachia.

Lori. Nasikia lori kwenye kona, lile gia lake linalokwaruza. Kaka, acha sururu chini ya kiti. Tunatoka. Nitatoka kupitia mlango huu huu, nikiwa nyuma ya mama, ila tunatoka.

Yuko nje ya mlango. Anasoma kwa sauti, silabi kwa silabi kama mtoto wa darasa la kwanza: "A-li-ye-ko-se-a ndo-o..." Ameweka kiganja kwenye mbao.

"Nani aliyeandika?"

Honi moja.

Mama ananiambia kwa midomo tu, ficha karatasi. Naikunja niiweke ndani ya nguo. Anauliza tena, nani, na safari hii neno liko tayari mdomoni, silabi zote mbili